Anga jekundu la Goma: dokumentari ni nini hasa, na tuiamini kwa kiasi gani

Mwanzoni mwa mwaka 2025, siku chache baada ya waasi wa M23 kuingia mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, kijiwe chetu cha kahawa pale Magomeni kiligawanyika makundi mawili kwa sababu ya video ya dakika 11. Ilifika kwa njia ya simu, kama zinavyofika nyingi. Ilikuwa na ramani ya Kongo inayobadilika rangi, sauti nzito ya msimulizi, muziki wa huzuni na wanajeshi waliopakiwa juu ya malori, kisha likaja tukio ambalo hakuna aliyeweza kulisahau: umati wa watu wakikimbia usiku na magodoro kichwani, na nyuma yao anga limewaka jekundu kama tanuri. Kundi la kwanza lilishikilia kwamba hii ni dokumentari, na dokumentari ni ukweli mtupu, la sivyo ingeitwa muvi. Kundi la pili lilijibu kwamba dokumentari zote ni propaganda, hutengenezwa na watu wa nje ili kutuchafua. Mabishano yalikwenda hadi kahawa ikapoa.

Mimi ninaishi kwa kuhariri video, na ingawa nyingi ni za harusi, nimewahi pia kukaa mezani na watu wanaotengeneza filamu za aina hii. Naona makundi yote mawili yalishika ncha moja moja ya kamba ile ile.

Tuanze na neno. Waandishi wetu huziita filamu za hali halisi au filamu za makala, vituo vya televisheni husema makala tu, na vijiweni neno lililoshinda ni dokumentari, nami nitalitumia hilo. Dokumentari ni filamu inayotumia watu halisi, mahali halisi na matukio yaliyotokea, na kuyapanga ili kueleza jambo au kujenga hoja. Maneno ya kushika hapo ni mawili, halisi na kuyapanga. John Grierson, Mskochi aliyelieneza jina la dokumentari kwa Kiingereza kuanzia mwaka 1926, aliieleza kazi hiyo kuwa ni kuushughulikia uhalisia kwa ubunifu, na karibu ugomvi wote tunaousikia hadi leo hutokana na mtu kulikumbuka neno moja kati ya hayo na kulisahau la pili.

Dokumentari hutofautiana na taarifa ya habari, ambayo hutuambia leo kumetokea nini na kesho huendelea na jingine; mtengenezaji wa dokumentari anaweza kukaa na familia moja miaka mitano. Hutofautiana pia na filamu ya kubuni, ambayo ina waigizaji na maneno yaliyoandikwa. Propaganda nayo ni kazi iliyokwisha kupata jibu kabla kamera haijawashwa, na ambayo haiko tayari kukutana na lolote litakalolitikisa jibu hilo. Dokumentari inaweza kuwa na msimamo mkali bila kuwa propaganda, kama vile wakili anavyoweza kumtetea mteja wake kwa nguvu zote bila kughushi nyaraka.

Sasa chukua video ya harusi. Mpiga picha huanza saa nne asubuhi saluni kwa bibi harusi na kumaliza saa sita usiku ukumbini Sinza, na kamera mbili humletea mhariri saa 20 za picha au zaidi. Familia hukabidhiwa video ya saa 2, na siku hizi hudai nyingine ya dakika 3 ya kurusha mtandaoni. Ndani yake hakuna cha kubuni: bibi harusi ni yule yule, keki ni ile ile, shangazi alicheza kweli. Lakini ugomvi wa wanakamati kuhusu vinywaji haumo, mjomba aliyesinzia hayumo, na machozi ya mama yamepunguzwa mwendo na kuwekewa wimbo ambao haukuwa ukipigwa dakika ile. Niliwahi kuchukua kicheko cha bwana harusi cha saa moja jioni nikakiweka baada ya hotuba ya saa tatu usiku, kwa sababu tu mwanga ulikuwa mzuri, na kumbe nimemfanya aonekane anamcheka baba mkwe. Picha zote mbili zilikuwa za kweli, ila ule mfuatano ulisema uongo, na nililipia kosa hilo kwa kuhariri upya bure.

Wasanii wa Urusi walilielewa jambo hili mapema. Karibu miaka 100 iliyopita Lev Kuleshov alichukua uso wa mwigizaji usioonyesha hisia yoyote, akauweka baada ya bakuli la supu, kisha uso ule ule baada ya jeneza, na watazamaji wakamsifu mwigizaji kwa namna alivyoonyesha njaa na majonzi. Maana ilizaliwa pale picha mbili zilipokutana. Mtu anayetazama dokumentari ya vita au ya siasa bila kulijua hilo ni kama mtu anayekula pilau akidhani wali huota shambani ukiwa na bizari tayari.

Upangaji huu una umri sawa na dokumentari zenyewe. Filamu ya Nanook of the North ya mwaka 1922, iliyotengenezwa na Robert Flaherty miongoni mwa Wainuit wa kaskazini mwa Kanada, huhesabiwa kuwa mama wa dokumentari ndefu. Shujaa wake hakuwa akiitwa Nanook bali Allakariallak. Nyumba ya barafu tunayoona familia ikilala ndani yake ilijengwa ikiwa wazi upande mmoja ili mwanga uingie, na wawindaji waliombwa watumie mikuki ya mababu ilhali walikuwa wamekwisha kuzoea bunduki. Je, Flaherty alidanganya? Kwa sehemu, ndiyo, kwa sababu hakutuambia. Miaka 90 baadaye Joshua Oppenheimer alitengeneza The Act of Killing kuhusu mauaji ya mwaka 1965 na 1966 nchini Indonesia, na humo waliokuwa wauaji wanaigiza wenyewe, kwa mavazi na vipodozi, namna walivyoua. Ni maigizo zaidi kuliko ya Flaherty, lakini hayamdanganyi mtu, kwa sababu tunaona yakiandaliwa. Kupanga tukio si dhambi, ilimradi mtazamaji aone kwamba limepangwa.

Kwa Watanzania, hakuna somo kubwa la mambo haya kuliko sakata la sangara. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu ya Darwin's Nightmare aliyoipiga Mwanza na kando ya Ziwa Victoria. Ilifika hadi kushindania tuzo za Oscar za mwaka 2006, na mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani, huku Mwanza kukifanyika maandamano ya kuipinga. Wengi waliojiunga na hasira hiyo hawakuwa wameiona filamu, na wengi waliokuwa wameiona Ulaya hawakuwahi kufika Mwanza, kwa hiyo mabishano yakawa kama ya watu wawili wanaogombania shati ambalo kila mmoja ameuona mkono mmoja tu.

Ndani ya filamu mna mambo yasiyobishaniwa. Sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, akala samaki wadogo wa asili na kuwamaliza wa aina nyingi. Viwanda vya kukata minofu viliajiri watu na kusafirisha minofu hiyo Ulaya kwa ndege kubwa za mizigo. Vichwa na mifupa iliyobaki, ambayo watu wa Mwanza huiita mapanki, ilikuwa na soko lake. Ukahaba kuzunguka marubani, watoto wa mitaani na UKIMWI katika kambi za wavuvi havikubuniwa na mtu kutoka Austria.

Tatizo liko kwenye mshono. Filamu inauliza tena na tena ndege hizi huja na nini kutoka Ulaya, na inatuongoza taratibu kufikiri jibu ni silaha. Hata hivyo hakuna tukio linaloonyesha silaha zikishushwa Mwanza. Ushuhuda wenye nguvu kuliko wote ni wa mmoja wa wafanyakazi wa ndege anayesimulia kupeleka vifaru Angola na kurudi Ulaya na zabibu alizopakia Afrika Kusini. Ni ushuhuda mzito, ila unahusu Angola. Ukitoka ukumbini utaapa kwamba umeona bunduki zikibadilishwa na minofu uwanjani Mwanza, kumbe bunduki hizo umezishona mwenyewe kichwani kutokana na ndege, swali na kimya kilichofuata. Sauper alitetea kazi yake kwa kusema sangara ni mfano wa mfumo mzima wa dunia, na kwamba ungeweza kutengeneza filamu hiyo hiyo kwa kutumia almasi au ndizi. Mimi naukubali utetezi huo kama msanii, lakini mkazi wa Mwanza hakujiandikisha kuwa mfano wa dunia nzima. Anaishi Kirumba, ana jina, na anapoona mapanki yenye funza yakianikwa na kuonyeshwa kana kwamba ndicho chakula cha mji wake, ana haki ya kuuliza ni nani alikula hayo, lini, na kwa nini kamera haikugeuzwa upande wa mama anayekaanga mapanki safi na kuyauza.

Waliomshambulia nao walivuka mpaka. Mwanahistoria mmoja wa Ufaransa aliandika kitabu kizima kuipinga filamu na kudai kwamba watoto walilipwa ili waigize. Sauper alimshtaki, na mahakama ya Paris ikamwona mwanahistoria huyo ana hatia ya kumkashifu. Tunabaki na filamu ambayo picha zake ni za kweli, dhana yake kubwa haikuthibitishwa, na shutuma kubwa dhidi yake hazikuthibitishwa pia. Jambo hilo halimfurahishi mtu anayetaka jibu la ndiyo au hapana, lakini ndivyo lilivyo.

Waswahili walisema msema pweke hakosi. Mtengenezaji wa dokumentari ni msema pweke kwa dakika 90, hakuna wa kumkatiza, na hapo ndipo dokumentari inapoachana na ushahidi wa mahakamani, ingawa watu huvichanganya. Mfano wa hilo uko hapa hapa nchini. Mwezi Aprili 1994, mpiga picha Mwingereza Nick Hughes alikuwa juu ya jengo la shule ya Kifaransa mjini Kigali, akarekodi kwa mbali watu wakiuawa barabarani. Ni mojawapo ya picha chache mno za mauaji yenyewe yakitendeka katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Baadaye Hughes aliitwa kutoa ushahidi Arusha, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Mahakamani picha haiingii peke yake. Inaingia na mtu aliyeipiga, anaapa, anaeleza alisimama wapi na aliona nini, na wakili wa upande wa pili humuuliza maswali ya kumbana. Picha hiyo hiyo ikikatwa sekunde 20 na kuwekwa kwenye filamu yenye muziki wa filimbi, hakuna tena wa kuulizwa. Mtazamaji analazimika kufanya kazi ya wakili huyo akiwa amekaa kwenye kochi.

Zipo hata hivyo filamu ambazo zenyewe zimebeba jibu la maswali hayo, na hapa sikubaliani kabisa na lile kundi la pili la kijiweni. Mwezi Machi 2022, Urusi ilipouzingira mji wa Mariupol nchini Ukraine, Mstyslav Chernov na wenzake wachache wa shirika la habari la AP walibaki mjini wakati wanahabari wengine wa kimataifa wamekwisha kuondoka. Tarehe 9 Machi hospitali ya uzazi ilipigwa kwa bomu. Maofisa wa Urusi walidai kwamba wajawazito waliobebwa kwenye machela walikuwa waigizaji. Filamu ya 20 Days in Mariupol, iliyopata Oscar mwaka 2024, inatuonyesha kamera ikifika pale, ikitembea kwenye vifusi, ikirudi kuwatafuta wanawake wale wale, na pia inaonyesha wanahabari hao wakihangaika kutafuta mtandao wa kutuma vipande vya sekunde chache. Chernov anasimulia kwa sauti yake mwenyewe, kwa hiyo tunajua nani anasema, alikuwa wapi na siku gani. Huko ndiko kuapa kwa mtu wa kamera.

No Other Land, iliyoshinda mwaka uliofuata, ilikwenda mbali zaidi katika hilo la nani ameshika kamera. Inahusu kubomolewa kwa nyumba za Wapalestina wa Masafer Yatta, kusini mwa Ukingo wa Magharibi, na waongozaji wake wanne ni Wapalestina wawili na Waisraeli wawili. Mmoja wao, Basel Adra, ni mzaliwa wa huko na amekuwa akipiga picha za ubomoaji huo tangu ujana wake. Mwenzake Yuval Abraham ni mwandishi wa Israel ambaye jioni anaweza kuendesha gari na kwenda kwake, jambo ambalo Basel hawezi kulifanya kwa uhuru huo. Filamu haifichi tofauti yao; inaikalisha mbele ya kamera, nao wanaizungumza wakivuta moshi wa shisha. Hata hivyo ilipopanda jukwaani kupokea tuzo ilikuwa bado haijapata msambazaji Marekani, jambo linalopaswa kumfikirisha anayedhani dokumentari zote za kimataifa huenezwa na mkono mmoja wenye njama moja.

Lakini tuzo nayo isitulevye. Sentensi ninayoisikia mara nyingi ni kwamba filamu ikipata Oscar basi imehakikiwa. Wapiga kura wa Oscar ni watu wa filamu, si wakaguzi wa mahesabu, na hapa kwetu tuna ushahidi wa miaka mingi. Filamu ya kwanza ya Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili kushinda Oscar ya dokumentari ilipigwa Serengeti. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka na ndege ndogo iliyopakwa mistari ya pundamilia, wakahesabu wanyama, na mwaka 1959 ikatoka Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife. Michael alifariki dunia katika ajali ya ndege hiyo kabla kazi haijakamilika, akazikwa ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Mchango wa filamu hiyo katika kuifanya Serengeti ijulikane duniani na kupata wafadhili ni mkubwa, na sioni sababu ya kuudharau.

Lakini itazame tena ukiwa na swali moja: Wamaasai wako wapi? Wanapita, pamoja na ng'ombe wao, zaidi kama tishio kwa nyasi kuliko kama watu wenye nchi. Mwaka ule ule wa 1959 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka Serengeti kwenda eneo la Ngorongoro. Sisemi filamu ndiyo iliyowahamisha, kwani uamuzi ulikuwa na historia yake. Nasema kwamba mamilioni ya watu walioiona walibaki na picha ya Serengeti kama bustani isiyo na wenyewe, na picha hiyo bado inaishi katika mabishano ya leo kuhusu Ngorongoro na Loliondo. Asiyekuwepo na lake halipo.

Hapa ndipo tunafika kwenye watu wa pembezoni, yaani jamii ambazo sauti yao haifiki zinakofanyika hesabu za mamlaka na fedha, ama kwa uchache wao, ama kwa umaskini, ama kwa sababu wengine wamekwisha kuamua wao ni watu wa namna gani. Kwa jamii hizo kamera ni kisu cha makali mawili. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wamepigwa picha na wageni mara nyingi kuliko mtaa wowote wa Dar es Salaam, na karibu kila mara kwa namna moja: upinde, nyani, asali, moto usiku, na msimulizi anayesema hawa ni watu ambao muda uliwasahau. Muda haukumsahau mtu. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao, baada ya safari ndefu ya vikao, ramani na maofisa. Kikao cha ardhi chenye daftari na mhuri hakina mvuto wa upinde kwenye skrini, kwa hiyo hakionekani, na mtazamaji wa mbali anakosa habari iliyo muhimu kuliko zote kuhusu watu hao.

Nilinganishe na In the Shadow of the Sun ya mwaka 2012, ambayo Harry Freeland aliitengeneza kwa takriban miaka sita kuhusu watu wenye ualbino nchini mwetu, katika miaka ile ya mauaji ya kutisha Kanda ya Ziwa. Freeland naye ni mgeni, Mwingereza. Lakini mtu anayeisukuma filamu ni Josephat Torner, mwanaharakati Mtanzania mwenye ualbino, ambaye anakwenda mwenyewe vijijini, anasimama mbele ya watu na kuwauliza wanaamini nini kuhusu ngozi yake. Filamu ya namna hii haiwezi kumgeuza Torner kuwa kitu cha kuonewa huruma, kwa sababu maswali anayauliza yeye. Uraia wa mpiga picha si kipimo. Kipimo ni kama mhusika anafanya jambo au anafanyiwa tu.

Linafuata suala la ridhaa, ambalo vijiweni hugeuzwa kuwa la fedha: wanadhani kila anayeonekana kwenye dokumentari amelipwa mamilioni. Desturi ya kazi hii ni kwamba wahusika hawalipwi kama waigizaji, kwa hofu kwamba fedha itabadilisha maneno yao, ingawa wengi hurudishiwa nauli na kulipiwa gharama, na wapo wanaosema kwa haki kwamba si sawa filamu ikazunguka dunia huku mwenye kisa akibaki na kanga ya ahsante. Zito zaidi ni usalama. Mwishoni mwa The Act of Killing, orodha ya waliofanya kazi imejaa neno moja linalojirudia, asiyetajwa jina, kwa sababu Waindonesia walioshiriki walihofia maisha yao. Mtu aliyesaini karatasi ya ridhaa kijijini kwake, pengine kwa lugha asiyoisoma vizuri, hajui kwamba uso wake utaishi mtandaoni hadi wajukuu wake. Mtengenezaji mwaminifu hurudi kumwonyesha kazi kabla ya kuitoa.

Kinyume cha subira hiyo tulikiona mwezi Machi 2012. Kony 2012, video ya nusu saa iliyotengenezwa na shirika la Kimarekani, ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya siku sita. Ilidai akamatwe Joseph Kony, kiongozi wa kundi la waasi la LRA lililowatesa watu wa kaskazini mwa Uganda kwa miaka mingi. Ukatili ulikuwa wa kweli. Lakini Kony alikuwa amekwisha kuondoka Uganda miaka kadhaa kabla, na vita vya miaka 20 vilikuwa vimebanwa vikawa kisa cha mtu mmoja mbaya na vijana wema wa ng'ambo. Ilipoonyeshwa uwanjani Lira, mbele ya watu waliopoteza ndugu na viungo, baadhi walikasirika hadi maonyesho yakasitishwa. Waliohusika hasa ndio waliokuwa wa mwisho kuonyeshwa.

Kuhusu fedha na sheria nitapita haraka. Dokumentari nyingi za kimataifa hulipiwa na vituo vya televisheni, mifuko ya misaada na majukwaa ya mtandaoni, na majina yao huandikwa mwanzoni au mwishoni. Kuyasoma huchukua sekunde 30. Hapa Tanzania upigaji wa filamu unahitaji kibali chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayosimamia. Kwa anayetaka kuziona kwenye skrini kubwa, tamasha la ZIFF la Zanzibar limekuwa likizileta tangu mwaka 1998.

Jambo la mwisho ni sauti. Tuliokulia kwenye vibanda umiza tunamjua mtafsiri anayezungumza juu ya filamu ya Kichina na kumpa muuaji jina la mbunge wetu. Tunacheka kwa sababu tunajua kazi yake. Msimulizi wa dokumentari naye ni mtafsiri juu ya picha, ila hatumcheki. Filamu ya Kiitaliano ya Africa Addio ya mwaka 1966 ina picha zilizopigwa kutoka angani wakati wa Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na vipande vyake huzunguka kwenye simu zetu kila mwaka bila jina la filamu. Filamu hiyo hiyo ilijengwa kwa maneno ya kulidhihaki bara zima, na watengenezaji wake walikuwa maarufu kwa kutafuta mshtuko. Picha ina uzito wake, maneno yana ya kwao, na anayevimeza pamoja kwa funda moja hawezi kujua ni kipi kimemkaa tumboni. Mimi huzima sauti na kutazama mara ya pili. Mtu akifanya hivyo hugundua mengi, pamoja na vile vipande vya mchezo wa kompyuta wa Arma 3 ambavyo vimesambazwa mara kadhaa kama picha za vita halisi, hadi kampuni iliyoutengeneza ikatoa tamko mwaka 2022 kuwaonya watu.

Ndivyo tulivyofanya siku ya pili na ile video ya dakika 11. Haikuwa na jina la mtengenezaji, wala tarehe, wala mtu hata mmoja aliyezungumza kwa sauti yake mwenyewe. Tulikuwa tumefika kwenye lile tukio la magodoro, sauti imezimwa, pale alipokuja mzee wa Kikongo anayeuza vitenge Kariakoo na kunywa kahawa kwetu siku za Jumapili. Aliitazama simu, akaomba irudishwe nyuma, akalitazama tena lile anga jekundu. Kisha akasema kwamba usiku ule anaujua vizuri, dada yake alikuwa miongoni mwa waliokimbia, na hakukuwa na risasi hata moja. Ilikuwa ni Mei 2021, volkano ya mlima Nyiragongo, jirani na Goma, ilipolipuka.